Printa iligoma, nikamhukumu mwanangu

Nianze kwa kukiri. Printa ya nyumbani kwetu niliitoa sebuleni nikaipandisha juu ya kabati la nguo, chumbani kwetu mimi na mama watoto, ili mwanangu wa kwanza asiifikie. Kijana ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, na ananizidi urefu. Juu ya lile kabati anafika bila hata kuinua kisigino. Nilijua hilo. Nilichotaka ni aione meza tupu kila akipita, ajue kwamba imeondolewa kwa sababu yake.

Ameniruhusu niandike habari hii kwa sharti kwamba nisimtaje jina, na mdogo wake naye nisimtaje.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Vuga, milimani Usambara. Watu wakisikia Vuga hukumbuka Wakilindi na mfalme Kimweri ye Nyumbai, kwa kuwa hapa ndipo palipokuwa makao yao. Mmisionari Krapf alipanda milima hii kuja kumwona Kimweri mwaka 1848. Lakini nilipokuwa mdogo, nyumbani kwetu jina la Vuga lilimaanisha kitu kingine: kiwanda cha uchapaji. Wamisionari wa Kilutheri walikuwa na mtambo wa kuchapa hapa, na baadaye kiwanda cha Vuga Press kikawa kule chini Soni, kikibaki na jina la huku juu. Babu yangu alifanya kazi pale, akipanga herufi za risasi moja moja kwa mkono. Alipenda kutuambia kwamba kazi ya mchapaji haiishi karatasi ya mwisho inapotoka. Inaisha herufi zikishaoshwa kwa mafuta ya taa na kufutwa, kwa sababu wino ukilala juu ya herufi, kesho utaukwangua. Hadithi hiyo niliisikia labda mara hamsini, na haikunisaidia chochote.

Printa yetu tuliinunua miaka miwili iliyopita kwa mkopo mdogo wa SACCOS. Kabla ya hapo, nikitaka kuchapisha mazoezi ya darasa la saba, nilitia flashi mfukoni, nikapanda bodaboda hadi Soni, nikasubiri zamu yangu kwenye stesheneri, na mara nyingine umeme ulikatika nikiwa wa pili kwenye foleni. Masika ndiyo usiseme. Njia inateleza, ukirudi karatasi zimelowa ndani ya mfuko na viatu vimejaa tope hadi kwenye soksi. Basi ilipofika hiyo printa, ile ya aina yenye matangi manne ya wino yanayoonekana kwa nje, ilikuwa kama sikukuu. Majirani wakaanza kuja. Huyu barua ya maombi ya kazi ya mtoto wake, yule kadi za kikao cha harusi, mwingine ratiba ya msiba usiku usiku. Mama watoto akaweka kikopo cha hela pembeni, na kikopo kile kikawa kinanunua sukari na LUKU.

Kwenye LUKU ndipo ninapoingia mimi. Mimi ni mtu wa kuzima. Taa ya choo, chaja isiyo na simu, redio isiyosikilizwa na mtu, vyote nazima. Printa nayo, karatasi ya mwisho ikidondoka tu, mkono wangu ulikuwa tayari kwenye swichi ya ekstensheni. Nabonyeza, taa zote zinakufa kwa pamoja, naenda kulala roho imetulia. Kile kitufe cha kuzimia kilichoko kwenye printa yenyewe sikumbuki kama niliwahi kukigusa.

Mwezi wa nne mwaka huu nilikuwa na mafua nikalala mapema. Kama saa nne usiku nikaisikia printa. Wenye nazo wanaijua ile sauti: inakoroma, inagonga kulia, inagonga kushoto, inanong'ona dakika nzima, kisha inanyamaza. Nikadhani naota. Usiku wa pili nikasubiri nikiwa macho, nikaisikia tena. Nikajua kuna mtu anachapisha vitu vyake baada ya mimi kulala.

Sikuuliza. Nilifanya kama polisi. Nilichukua kalamu nikaweka alama kwenye tangi la wino mweusi, kwa chini kidogo ya kifuniko, mahali ambapo mtu asiyejua hataona. Baada ya wiki wino ulikuwa umeshuka karibu nusu ukucha chini ya alama, na wiki hiyo mimi nilichapisha kurasa tatu tu. Ushahidi ukawa umekamilika.

Jumamosi jioni nikamwita. Mdogo wake wa kike, aliye darasa la nne, alikuwa amekaa kwenye mkeka anachonga penseli. Nikamwambia aende jikoni kwa mama yake, haya ni mazungumzo ya wakubwa. Kumbukeni hilo, maana nitalirudia.

Nikamuuliza kijana, "Usiku huwa unafanya nini na printa?"

"Naizima tu, baba."

"Unaizima?"

"Ndiyo, baba. Naizima vizuri."

"Mimi mwenyewe ndiye ninayeizima kabla sijalala. Sasa niambie, unazimaje kitu kilichozimika?"

Akaanza kueleza habari ya kichwa kubaki katikati, nikamkata. Nikamwonyesha alama ya kalamu. Nikamwambia wino unauzwa, hauchotwi mtoni. Nikamwambia kwamba mwizi wa nyumbani ni mbaya kuliko wa nje kwa sababu wa nje unamfungia mlango. Maneno hayo nilikuwa nimeyaandaa tangu asubuhi, na nakumbuka kwamba nilijisikia nimesema vizuri. Yeye akaangalia chini. Mama yake alisimama kwenye mlango wa jikoni akasema, "Mwalimu, muulize vizuri." Nikajibu kwamba nimeshauliza vizuri na jibu nimepewa.

Usiku uleule printa ikapanda kabatini.

Wiki mbili, tatu za kwanza hakukuwa na shida. Niliishusha nikiwa na kazi, nikachapisha, nikazima ukutani, nikairudisha. Hakuna kelele usiku. Nikamwambia mama watoto, unaona? Halafu mwishoni mwa mwezi wa tano zikaanza kutokea mistari myeupe katikati ya maandishi. Sentensi ya Kiswahili inapitwa na mstari, herufi zinakatwa viuno. Kwenye programu ya printa kuna sehemu ya kusafisha, na nyingine ya kusafisha kwa kina. Nikachagua ya kina. Mistari ikabaki. Nikarudia. Kila nikirudia maandishi yanazidi kufifia, na kila yakizidi kufifia nami narudia, hadi mara saba kwa usiku mmoja. Tangi la wino mweusi lilikuwa limeshuka chini ya mstari wa mwisho na kwenye mrija niliona vipovu vikipita kama shanga. Nikafikiri ndio wino unafanya kazi.

Asubuhi yake taa mbili zikawa zinapepesa kwa zamu, ya kijani na ya chungwa, na kwenye laptopu kukatokea ujumbe wa Kiingereza pamoja na namba ya kosa: kichwa cha kuchapia hakijawekwa, au hakijawekwa sawasawa. Hicho kichwa mafundi wanakiita hedi. Ni kile kidude kinachokwenda kulia na kushoto ndani ya printa kikitema wino.

Kwa ajili ya wenzangu wenye printa za namna hii, nieleze nilichofanya, kwa sababu si chote kilikuwa cha kijinga. Nilichomoa waya nikaacha kama nusu saa, nikafungua kava, nikaachia kifungio na kutoa hedi mbili, ya wino mweusi na ya rangi. Nyuma ya kila hedi kuna vidoti vya shaba vinavyogusana na vidoti vingine ndani ya printa, na umeme wa kuiamrisha hedi hupitia hapo. Wino ukivuja ukafika pale, hata tone, printa haioni kwamba hedi ipo. Kwangu vidoti vilikuwa na ukungu mweusi. Nikavifuta kwa kitambaa laini kisichotoa nyuzi nilichokilowesha kidogo kwa spiriti, nikafanya hivyohivyo kwa vile vya ndani, nikaacha vikauke kabisa, nikarudisha hedi hadi nikasikia zimekaa. Ujumbe ukaondoka. Nilifurahi, nikachapisha karatasi kumi na mbili zenye mistari mistari. Ya kumi na tatu ilitoka tupu, ujumbe ukarudi, na safari hii ukaja kukaa.

Nilifuta tena. Nikaikalisha pua ya hedi juu ya kitambaa kilicholoweshwa kwa maji ya moto, jambo ambalo baadaye niliambiwa lingefaa kama ningetumia maji yaliyochujwa, yale safi ya kuongeza kwenye betri, si asidi, na yawe ya uvuguvugu tu. Maji ya bomba yana chumvi zinazobaki ndani ya vitundu. Nikatoa na kurudisha hedi labda mara ishirini. Nikazima na kuwasha. Niliiombea hata, sina aibu kusema. Jumapili ya kwanza ya mwezi wa sita, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba ya uani na baridi ile ya kutoa moshi mdomoni, nilikuwa nimejifunika blanketi mbele ya mashine hadi saa sita usiku. Asubuhi niliandika mtihani wa majaribio ubaoni kwa chaki, wanafunzi arobaini na watano wakanakili maswali kabla ya kuyajibu.

Na muda wote huo, mzazi mwenzangu, nilikuwa na maelezo yangu tayari: uharibifu alioufanya kijana usiku ndio unatokea sasa. Printa ilikuwa nzima miaka miwili. Ikaanza kuugua wiki tatu baada ya yeye kuacha kuigusa. Mwalimu wa hesabu mwenye vyeti vyake alikuwa na tarakimu zote mbele yake na akazijumlisha hivyo.

Shule zilipofungwa kijana akaomba kwenda Mombo kwa mjomba wake, anayeuza spea za pikipiki, akamsaidie dukani. Hakuwa ameomba hivyo mwaka mwingine wowote. Huku kwetu likizo ya Juni ni ya viazi, na yeye anapenda shamba. Nikamruhusu. Kisha nikampigia shemeji simu nikamwambia kijana anakuja, amwangalie, asimwache peke yake karibu na droo ya hela, kwa sababu hapa nyumbani ameanza udokozi wa wino. Nilitumia neno hilo, udokozi. Shemeji akanyamaza kidogo, akasema sawa.

Wiki iliyofuata nikaifunga printa kwa kitenge, nikaipakata kwenye bodaboda hadi Soni na kwenye noah hadi Lushoto mjini. Fundi ni kijana tu, pengine hajafika thelathini. Nilimweleza kosa, namba yake, spiriti, maji ya moto, vyote. Akanisikiliza huku akifungua kava. Swali lake la kwanza lilikuwa hili:

"Mwalimu, kwani huwa mnaizimaje?"

Nikamjibu kwa fahari kabisa kwamba naizima kwenye swichi ya ukutani, mimi siachi kitu kinakula umeme.

Hakunicheka. Akanivutia kiti karibu akanionyesha upande wa kulia ndani ya mashine, ambako kuna kitu kama kitanda kidogo chenye mpira na sponji. Akasema pale ndipo hedi inapolala. Ukizima kwa kitufe cha printa, hedi hutembea hadi pale, mpira unapanda na kuziba vitundu vyake ili wino usikauke. Ukikata umeme ukutani dakika ileile karatasi inapotoka, hedi inabaki pale ilipo, mdomo wazi, usiku kucha. Vitundu vyenyewe ni vyembamba kuliko unywele, vinakauka upesi. Na ukiiwasha tena, printa inajishtukia kwamba haikuzimwa sawasawa, inajisafisha yenyewe, na wino unaotumika kusafisha unaingia kwenye sponji ya uchafu. Ndiyo maana wino unapungua bila mtu kuchapisha.

Nilisikia ile sentensi ya mwisho lakini sikuielewa bado. Nilikuwa nafikiria umeme. Nikamuuliza kwani ikilala hivyo na waya umechomekwa haili uniti? Akachukua kikokotoo. Printa iliyolala inakula kama wati moja, akasema, zidisha kwa saa 24, zidisha kwa siku 30. Ikaja wati-saa 720. Haifiki uniti moja kwa mwezi. Na hata hiyo unaweza kuiokoa ukitaka, mradi uzime kwanza kwa kitufe, usubiri taa iache kupepesa, ndipo uzime ukutani.

Kisha akatoa hedi nyeusi ya printa yake mwenyewe akaiweka kwenye yangu. Ujumbe ukaondoka papo hapo. Akarudisha yangu, ukarudi. "Printa yako nzima," akasema. "Hedi imeungua. Uliisafisha haina wino?"

Nikamwambia habari ya mara saba na vile vipovu. Akatikisa kichwa. Printa za aina yangu huchemsha wino. Ndani ya kila kitundu kuna kijiko cha umeme, tuseme hivyo, kinachopata moto zaidi ya nyuzi 300 kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Wino unafanya povu, povu linasukuma tone nje. Nimesoma baadaye kwamba watafiti wa Canon kule Japani waligundua jambo hilo mwaka 1977 kwa ajali, chuma cha moto cha kuunganishia nyaya kilipogusa sindano yenye wino na tone likaruka. Kampuni ya HP ya Marekani nayo ilifika hapo kwa njia yake, ikauza printa yake ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1984. Kuna printa nyingine hazichemshi, zina kipande kinachojikunja umeme ukipita na kusukuma wino. Lakini hizi za kuchemsha, wino wenyewe ndio unaopoza kile kijiko. Ukiiamrisha ichemshe hewa mara saba mfululizo, inajiunguza kama sufuria iliyosahauliwa mekoni. Kusafisha mara mbili au tatu kunatosha, akasema. Ikikataa, jaza tangi, iache ipumzike hata usiku mzima, ndipo ujaribu tena. Na ukishafuta vidoti vya shaba vikawa safi na kavu, hedi ikakaa sawasawa, na namba ileile ya kosa ikaendelea kurudi, acha kuisumbua. Hiyo imekufa, tafuta nyingine.

Hedi mpya ilikuwa shilingi elfu sitini na tano, na iliagizwa Tanga ikachukua wiki. Nililipa. Ile iliyokufa nikaiomba, nikaitia kwenye mfuko wa nailoni.

Niliporudi nyumbani na printa imepona, niliiweka mezani sebuleni, mahali pake pa zamani, nikawaita mama watoto na binti nikawaonyesha nilivyofundishwa. Nilifundisha hasa, kama darasani. Mkishachapisha, msiguse ukutani. Bonyezeni hiki. Subirini. Sikieni inavyotembea. Taa imezimika? Sasa ndiyo ukutani.

Binti akasema, "Ndivyo alivyokuwa anafanya kaka."

Nikamuuliza alivyokuwa anafanya lini.

"Usiku. Baba ukishalala, kaka anaiwasha, inalia lia, halafu anaibonyeza hapo. Alisema anailaza. Alisema ukiizima ukutani inalala mdomo wazi."

"Mbona hukusema?"

"Uliniambia niende jikoni."

Mama watoto aliingia chumbani akatuacha. Hakusema neno, na mimi nilikuwa namwomba Mungu aseme hata moja.

Usiku huo nilirudisha mambo nyuma, moja baada ya jingine. Mwaka jana, baada ya mistari ya kwanza kabisa kutokea, nilimkuta kijana anasoma kile kitabu cha maelekezo ambacho mimi sijawahi kukitoa kwenye nailoni yake. Aliniambia, "Baba, wanasema usizimie ukutani." Nami nikamjibu, namkumbuka alivyorudi nyuma hatua moja, "Unanifundisha matumizi ya umeme kwenye nyumba yangu?" Hakusema tena. Akaanza kungoja nilale. Kila kelele niliyoisikia usiku ilikuwa mtoto anarekebisha kosa langu bila kunivunjia heshima. Na wino ulioshuka chini ya alama yangu ya kalamu ni ule printa ilioutumia kujisafisha kwa sababu mimi niliikatia umeme.

Jumamosi nikashuka Mombo. Ukitoka huku juu na sweta, ukifika kona za mwisho unalivua, na ukifika stendi unatamani kuvua na shati. Shemeji alinipa kiti chini ya mwarobaini nyuma ya duka. Kijana akaja na mikono ya grisi, akanipa shikamoo, akasimama.

Nilikuwa nimeandaa maneno tena, lakini safari hii hayakutoka. Nikamkabidhi ule mfuko wa nailoni. Akaitoa hedi, akaigeuza, akaangalia vidoti vya shaba kwenye mwanga, kama fundi wa Lushoto alivyofanya.

"Ulisafisha mara ngapi, baba?"

"Saba."

"Kwa mfululizo?"

"Kwa mfululizo."

Akaziba mdomo kwa kiganja, grisi ikamchora shavuni. Nadhani alicheka, lakini hakikuwa kicheko kirefu. Nikamwambia mdogo wake amenieleza. Akanyamaza, kisha akasema, "Mimi nilikuambia, baba. Nilisema naizima. Ukasema nazimaje kitu kilichozimika."

Neno kwa neno. Miezi miwili alikuwa ametembea nalo.

Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Nilikosea." Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia baba yangu akimwambia mtoto maneno hayo, na sikujua kama yana namna maalumu ya kusemwa. Niliyasema nikiwa nimekaa na yeye amesimama. Labda ingekuwa kinyume. Akajibu, "Haya, baba," kwa sauti ambayo hadi leo sijui ilikuwa na nini ndani yake.

Kisha akaniomba jambo. Akasema mjomba wake hamtumi droo. Mteja akilipa, mjomba anatoka hata akiwa anakula, anapokea hela mwenyewe. Mwanzoni hakujua kwa nini. Kisha binamu yake akamwambia.

Sikuwa nimefikiria hilo hata kidogo. Nilidhani nimekuja kuomba msamaha wa printa. Nikamwita shemeji pale pale, na mkewe, na yule binamu, nikawaeleza yote niliyoeleza hapa, pamoja na mara saba, pamoja na neno udokozi na jinsi lilivyotoka mdomoni mwangu. Shemeji alinisikiliza hadi mwisho. Hakuniokoa kwa kusema "basi, shemeji, yameisha," kama watu wanavyofanya mtu mzima akiaibika. Nilipomaliza akatoa funguo ya droo mfukoni akampa kijana, akamwambia kuna mteja anangoja plagi.

Nilitaka kurudi naye siku ileile. Akasema amemwahidi mjomba wake hadi shule zifunguliwe. Nikapanda mlima peke yangu.

Alirudi Jumapili ya mwisho ya likizo. Printa iko mezani na kikopo cha hela kiko pembeni yake. Namba ile ya kosa haijatokea tena, ingawa mstari mmoja mwembamba bado unaonekana kwenye rangi ya bluu. Binti ndiye anayeilaza. Tumebandika karatasi ukutani, juu ya swichi, kwa mwandiko wake: BONYEZA HAPA KWANZA, na mshale. Kaka yake anapita, anaisoma ile karatasi, anaendelea na safari yake. Akiwa na kazi ya shule ya kuchapisha anamtumia mama yake kwenye simu, mama yake ndiye anayechapisha. Sijamwambia kitu.

Habari hii niliiandika kwenye simu, nikampa aisome kabla ya kuituma. Alisoma akiwa amesimama mlangoni, akirudi juu na kushuka kwa kidole. Alisahihisha sehemu moja. Nilikuwa nimeandika kwamba aliilaza printa kila usiku kwa mwaka mzima.

"Siyo kila usiku," akasema. "Siku nyingine nilisinzia. Andika hivyo."

Nimeandika.